Godoro Lisilolaza Mtu

Wanangu, mnanipitia hapa Mpendae asubuhi na macho mekundu, mnapiga miayo mpaka nakuhesabieni magego, halafu mnanambia, "Bibi, godoro langu halilazi, nnataka kununua jengine." Nunueni. Wenye maduka nao wana watoto wa kulisha. Lakini mimi nimeshona magodoro tangu nina meno yangu yote, na sijapata kuona godoro lililomkataza mtu kulala. Watu waliolikataza godoro lisifanye kazi yake, hao nimewaona wengi.

Kazi hii niliingia katika miaka ya hamsini, baada ya kuachwa na mume wangu wa kwanza, aliyesema kuwa mimi nna maneno mengi. Niliona nitafute kazi itakayoninyamazisha. Fundi Makame, mtu wa Tumbatu aliyehamia mjini, alikuwa na karakana yake Kajificheni: chumba kimoja cha chini cha kushonea, chumba cha nyuma alimolala mwenyewe, na ua tulikoanika sufi, ile pamba ya msufi. Alikuwa mrefu, mkimya, na shida yake ilikuwa moja. Kitanda kiko chumbani, na chumbani yumo mke wa mtu. Fundi mwanamume akenda kupima kitanda, alichopima ni mlango wa nje. Akahitaji mwanamke wa kuingia ndani, na mimi nikahitaji riziki. Tukaelewana siku hiyo hiyo.

Kupima nako kuna elimu yake. Mara ya kwanza alinituma mtaa wa Malindi kwenye kitanda cha bibi harusi. Nikakipima kwa mikono, nikarudi nikamwambia ni mikono minne na shubiri. Fundi akakata kitambaa kwa mikono yake, na mikono ya Fundi Makame ilikuwa kama makasia. Godoro lilipotandikwa lilining'inia huku na huku kama ulimi wa mbwa aliyetoka kukimbia. Mama wa bibi harusi alilitazama sana, halafu akauliza kwa upole kama bwana harusi ni mtu mnene. Tangu siku ile nikawa na ugwe wangu wa kupimia wenye mafundo, siendi popote bila yake.

Sufi nayo ina mambo. Inataka jua. Ukiijaza na unyevu wake, haupiti muda godoro linanuka kama nguo iliyosahauliwa ndooni. Lazima uichambue kokwa zote, ukiziacha ndani panya watafanya harusi humo kabla ya wenyewe. Ukijaza kupita kiasi unapata gogo, ukijaza kidogo mtu analalia mbao. Fundi alinifundisha kulipiga kofi katikati na kusikiliza. Likisema "pa" bado lina njaa, likisema "pu" limeshiba. Basi unashika shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia na magodoro, unapitisha uzi kutoka juu mpaka chini, unafunga vifundo ili sufi isitembee. Hayo ndiyo yaliyokuwamo ndani ya magodoro yetu. Nakuelezeni mjue kwamba haikuwamo dawa humo wala hirizi, maana nusu ya mji ilikuja kuamini vyengine.

Aliyewaaminisha ni Bwana Shaaban.

Bwana Shaaban alikuwa dalali, ananadi vyombo vya watu. Vitanda, makabati, saa za ukutani, masinia ya shaba, akivishika yeye vilipata wanunuzi. Sauti yake ikitoka Darajani ilifika Mkunazini bila kupanda gari. Alinunua kwetu godoro kubwa la sufi, akalisifu kwa watu, tukafurahi. Mwezi haujesha, akaja kusimama mlangoni.

"Fundi Makame!"

"Naam."

"Godoro lako halilazi."

"Linafanya nini?"

"Linanikodolea macho! Nnageuka kulia, nnageuka kushoto, nnahesabu boriti za dari. Asubuhi nnaamka kama mtu aliyepigwa."

Fundi Makame hakuwa mtu wa kubishana na mteja. Alisema, "Lilete." Likaletwa. Tukalifumua, tukaianika sufi upya, tukaongeza, tukalifanya nene. Akalilalia, akarudi: sasa limekuwa jabali. Tukapunguza. Akarudi: sasa limekuwa kinamasi. Tukabadilisha sufi yote na kitambaa pia, kwa hasara yetu, na mimi nikatumwa nyumbani kwake Hurumzi nikapime kitanda, huenda kasoro iko kwenye mbao.

Kitanda kilikuwa sawasawa. Lakini nilimkuta mkewe, Bi Rukia, mwanamke mwembamba wa maneno ya taratibu, akanikaribisha chai. Nikamuuliza, kwa kuwa ni kazi yangu kuuliza, bwana mkubwa analala saa ngapi.

Bi Rukia akacheka kidogo. "Siku gani?"

"Siku zote."

"Hakuna siku zote, Kazija. Juzi alilala mara baada ya isha, hata chakula hakumaliza. Jana alikwenda sinema, onyesho la pili, akapitia Forodhani kula mishikaki, akarudi mji mzima umeshalala. Leo atacheza karata barazani kwa rafiki zake, na huko saa haina mwenyewe. Kesho ana maulidi. Ijumaa akitoka msikitini na kula, atalala mpaka jua linachwa, halafu usiku wake ataranda chumba kizima anatafuta nani kamuibia usingizi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema mimi si daktari."

"Basi aende kwa daktari."

"Kenda. Daktari kamwambia yale yale niliyomwambia mimi: ashike wakati mmoja wa kulala. Kasema daktari si fundi wa magodoro."

Hapo nikafahamu kwamba zamu yetu ya kulaumiwa bado ina safari ndefu.

Bi Rukia aliniambia na mengine. Wiki ile Bwana Shaaban alikuwa ananadi vyombo vya marehemu mmoja, akasinzia huku amesimama, akaunadi mwavuli wake mwenyewe. Mnunuzi akaondoka nao, na mvua ikashuka papo hapo. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu Bi Rukia akaacha kucheka. "Alikuwa mtu wa mzaha mume wangu," akasema. "Sasa kijiko kikianguka, nyumba nzima inaomba msamaha."

Hazikupita siku nyingi nikasikia kwamba Bi Rukia kapewa talaka.

Sababu ilikuwa mbu. Bwana Shaaban alirudi usiku mkubwa, akajitupa kitandani, chandarua hakikuchomekwa vizuri upande mmoja, mbu mmoja akaingia. Akaamka, akagomba, na katika kugomba likamtoka neno. Asubuhi alipozindukana alilia kama mtoto. Wazee wakakaa, wakamsema, naye akamrejea mkewe kabla eda haijesha, kama sharia inavyomruhusu. Lakini talaka moja ilikuwa imeshatoka, na mnajua zikitimia tatu hakuna tena wazee wa kukaa. Bi Rukia akawa anaishi kwa hadhari. Kila mumewe akiamka na kichwa kizito, yeye hunyamaza kama mtu aliyetia yai mdomoni.

Bwana Shaaban naye ilimbidi apate wa kubeba lawama. Mkewe alikuwa ameshamsamehe, mbu ameshakufa, nikabaki mimi na Fundi Makame. Siku moja asubuhi hamali alikuja na mkokoteni, godoro letu liko juu, dalali yuko mbele yake. Akalisimamisha godoro kwenye ukuta wa karakana, akakohoa, akaanza kunadi.

"Waungwana! Godoro la sufi, kazi ya Fundi Makame, jipya kabisa, maana halijalaliwa! Godoro lisilolaza mtu! Mwenye kutaka kukesha kwa ibada, hili hapa! Nani anaanza?"

Watu walijaa uchochoro mzima. Walicheka mpaka wengine wakaegemea lile lile godoro. Hakuna aliyeanza. Fundi Makame alitoka, akalibeba godoro begani, akaliingiza ndani, akarudi kwenye uzi wake. Lakini nilimwona anakosea kutunga shazia, jambo ambalo sikupata kuliona.

Wiki ile mama mmoja mwenye harusi alikuja kuchukua kitambaa chake. Akasema binti bado mdogo, harusi imesogezwa mbele. Siku ya pili akaja mwengine, huyu hata kisingizio cha harusi kusogezwa hakutafuta, akasema tu ukweli: "Fundi, sitaki watu waseme nimemwozesha mwanangu kwenye godoro la mkesha." Tukabaki tunashona mito. Mto haumlishi mtu mzima.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Bwana Shaaban aliitwa Makunduchi na jamaa wa upande wa mama yake, wagawane vyombo vya shangazi yao na vyengine viuzwe. Akakaa huko kiasi cha nusu mwezi. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu, hata nyumbani kwake hajafika. Uso umemtakata, macho meupe, sauti imefunguka.

"Fundi, nimelala!"

"Alhamdulillahi."

"Nimelala kama maiti! Kitanda cha kamba, mkeka juu yake, basi. Godoro hakuna! Sasa nshajua. Sufi inatia joto mgongoni, joto linapanda kichwani, usingizi unakimbia."

Fundi akaweka shazia chini. "Huko Makunduchi mlikuwa mnalala wakati gani?"

"Wakati gani? Kuna nini huko cha kukesha? Wakisha kusali isha wanazima taa, mafuta ya kuchezea hawana. Alfajiri kila mtu yuko juu, huyu shamba, huyu pwani. Mimi nikae na nani?"

"Kila siku hivyo hivyo?"

"Kila siku."

"Basi, Bwana Shaaban..."

"Basi ni kile kitanda cha kamba!"

Nilijiuma ulimi. Fundi Makame akaokota shazia yake.

Mkitaka kujua tabu, ombeni msiwe na adui mwenye sauti nzuri. Kila mnada Bwana Shaaban alianza na hotuba juu ya madhara ya sufi. Watu walikuwa wanashusha magodoro yao juani na kuyatazama kwa wasiwasi. Mafundi wa vitanda vya kamba, ambao zamani walikuwa hawatuoni, wakaanza kutupita na kanzu mpya.

Na yeye mwenyewe? Alikitia chumbani kitanda cha kamba, akarudi kwenye karata zake, sinema zake na usingizi wake wa Ijumaa mchana. Usingizi wa Makunduchi ukabaki Makunduchi. Lakini angesema nini, na mji mzima umeshamsikia?

Siku moja kabla ya adhuhuri Bi Rukia aliingia uani kwetu na buibui lake, akakaa juu ya gunia karibu nami. Fundi alikuwa kizingitini, anasikia.

"Kazija," akasema, "mume wangu ana mistari mgongoni kama samaki aliyebanikwa."

Nikataka kucheka, nikamtazama, nikaacha.

"Usiku wa jana alinyanyuka, akanigeukia, nikamwona mdomo wake unatafuta neno. Nikaufunika kwa mkono wangu. Nimemfunika mume wangu mdomo, Kazija, mpaka akatulia. Kesho na keshokutwa nitaufunika na nini?"

Akaendelea, sasa akimwelekea Fundi. "Mimi nikisema hasikii. Daktari kasema, hakusikia. Lakini godoro analisikiliza, maana mchana na usiku hana mazungumzo mengine. Mshonee jengine, Fundi. Umwambie kwamba godoro lenyewe ndilo linalotaka lilaliwe baada ya isha, kila siku, ama sivyo sufi inakufa."

"Hapana, Bi Rukia," Fundi akasema. "Mimi nashona. Sisemi uongo juu ya sufi."

"Hata kwa kuokoa nyumba ya mtu?"

Fundi Makame alilipapasa gunia la sufi kama anayetafuta kokwa iliyosahaulika. Nilimfahamu vizuri wakati ule, nikajua kwamba yamemwingia. Alikuwa amefiwa na mkewe, na alijua nyumba yenye mtu mmoja inavyokuwa.

"Ukweli naweza kumwambia," akasema mwisho. "Akiusikia vyengine, masikio ni yake."

Tukalishona. Bi Rukia alimwambia mumewe kwamba godoro ni lake yeye, kamba zinamuumiza mbavu, na Bwana Shaaban akakubali haraka kuliko mtu anayeamini kamba alivyotakiwa kukubali. Alikuja kulichukua kwa kuvuta miguu. Fundi akaweka mkono juu ya godoro.

"Hili silitoi bila masharti."

"Masharti? Wewe fundi au mganga?"

"Fundi. Mwenye kulilalia alale kila siku wakati mmoja, baada ya isha akishatulia. Asitangulie leo, akachelewa kesho. Alfajiri aamke, na asirudi kulala, hata kama usiku hakupata kitu. Mchana ajinyooshe kidogo tu, si mpaka magharibi."

"Na Ijumaa?"

"Na Ijumaa."

"Na sikukuu?"

"Na sikukuu."

"Ramadhani je? Watu wanaamka daku!"

"Ramadhani ina utaratibu wake. Aushike huo, na usiku wa mwanzo uwe kama wa mwisho."

"Na akivunja?"

"Akivunja asije kwangu kulalamika."

Bwana Shaaban akainama, akanusa godoro, akalibonyeza. Akashusha sauti, na hiyo kwake ilikuwa kazi. "Sufi hii imetoka wapi?"

"Imetoka mtini," akasema Fundi.

Dalali akatikisa kichwa kama mtu aliyefichwa siri kubwa, akamwita hamali.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Bi Rukia. Usiku wa kwanza Bwana Shaaban aliziweka karata chini katikati ya mchezo, akawaambia wenzake, "Jamaa, samahani, godoro langu linaningoja." Walimcheka mpaka mtaa wa pili. Alilala chali akihesabu boriti, hakupata kitu, na alfajiri akaamka na hasira zake zote. Alipotaka kurudi kitandani Bi Rukia alimpa kapu la sokoni na kumkumbusha masharti. Mchana alisinzia mnadani. Usiku wa pili hali ile ile. Bi Rukia alikuwa ameshaanza kukata tamaa. Lakini usiku mmoja, kabla hajamaliza kuchomeka chandarua, alisikia mkoromo. Akakaa ukingoni mwa kitanda, anausikiliza. Aliniambia hajapata kusikia taarabu tamu kama ule mkoromo.

Mzaha ukarudi nyumbani. Kijiko kikaanguka, Bwana Shaaban akakiokota mwenyewe. Alimwomba mkewe radhi kwa ile talaka, mara hii akiwa macho na akili zake zote, na neno lile halikumtoka tena maisha yake.

Na mdomo wake, ule uliotufilisi, sasa ukageuka upande wa pili. Mnadani anaanza na hotuba juu ya godoro la masharti. Sufi ya aina yake! Fundi ana siri kutoka Tumbatu! Watu wakaja. Wakaja wa Mkunazini, wakaja wa Ng'ambo, wakaja wale wale mama wawili wenye mabinti, wakiulizia kama masharti yanauzwa pamoja na godoro ama mbali. Fundi akawaambia wote maneno yale yale, neno kwa neno, na wote wakanusa godoro. Walioyashika wakalala. Wasioyashika walirudi kusema godoro limeishiwa nguvu. Fundi huwauliza walilala wakati gani, na hapo hapo wao hukumbuka kwamba wana shughuli sokoni.

Ungedhani tumefika peponi. Sisi wawili tulikuwa na kazi ya watu kumi. Fundi Makame, aliyekuwa akifunga karakana jua likiwa bado juu, sasa akisali isha anarudi, anawasha taa, anashona mpaka anasikia majogoo. Siku nyengine analala magharibi, siku nyengine halali. Akawa anasinzia mchana na shazia mkononi. Siku moja aliushonea upindo wa kanzu yake kwenye godoro bila kujua. Mteja akaingia, Fundi akasimama kwa adabu kumpa mkono, na godoro likasimama pamoja naye.

"Fundi," nikamwambia, "na sisi masharti yetu yako wapi?"

"Tumalize harusi hizi kwanza, Kazija."

Wanangu, harusi za mjini hazimalizwi. Alikonda, akaanza kunigombeza, yeye ambaye nilimzoea kwa kunyamaza. Mtaa mzima ulikuwa unakoroma juu ya kazi ya mikono yake, na yeye hana hata lepe la usingizi.

Mchana mmoja nilikuwa uani nikasikia kishindo. Nikakimbilia ndani nikamkuta kaanguka juu ya lundo la sufi, kifudifudi, sufi imemjaa kwenye ndevu, mwili unawaka moto. Nilimgeuza, nikamwita, hakuitika. Nikatoka uchochoroni nikapiga ukelele, na wa kwanza kufika alikuwa Bwana Shaaban, anatoka mnadani. Alimbeba mabegani kama Fundi alivyokuwa anabeba magodoro, akamlaza kwenye chumba chake cha nyuma. Daktari aliyeitwa akasema ana homa, lakini kilichomwangusha ni uchovu wa muda mrefu, na asipolala kama watu wanavyolala, safari ijayo asiitwe yeye.

Siku tatu nne Fundi alikuwa hajitambui vizuri. Mimi nilipika uji, wateja nikawafukuza. Alipoanza kukaa kitako, Bwana Shaaban alikuja alasiri kumtazama. Nilikuwa mlangoni nachambua sufi.

"Fundi," akasema, "wewe unalala saa ngapi?"

"Nikimaliza kazi."

"Nikimaliza si saa."

Fundi akatabasamu kwa tabu, akapiga kofi mahali alipolala. Ulikuwa mkeka mtupu juu ya sakafu. "Mimi sina godoro la masharti, Bwana Shaaban. Najilalia hapa."

Dalali alimtazama, halafu akatazama mlangoni kuona nani anasikia. Mimi hakunihesabu, au alinihesabu akaona haidhuru.

"Fundi Makame, unanidhani mimi mjinga? Sufi inajuaje isha imeshasaliwa?"

Mikono yangu ikasimama ndani ya sufi.

"Nilijua mapema," akasema Bwana Shaaban. "Tulipata wageni, chumba chetu wakapewa wao, mimi nikatandikiwa mkeka sebuleni. Nikalala wakati ule ule, nikakoroma vile vile. Mkeka! Nikakumbuka Makunduchi, nikakumbuka daktari, nikajicheka peke yangu mpaka machozi."

"Na mji mzima unauambia ni godoro?"

"Niuambie nini? Nikiwaambia wacheza karata, 'Nnakwenda kulala, mke wangu kasema,' sitopumua mtaani. Nikisema kasema daktari, wataniuliza naumwa nini. Lakini nikisema godoro langu linaningoja, wanacheka, wananiachia njia. Na sasa nusu yao wana magodoro yako, kila mmoja anaangalia nani atasimama mwanzo ili na yeye asimame. Karata zinakwisha kabla hazijanoga."

Fundi Makame akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamletea maji. Bwana Shaaban akangoja amalize kunywa, kisha akainuka akaenda mlango wa mbele, akakohoa.

"Waungwana! Karakana ya Fundi Makame kuanzia leo inafungwa alasiri! Mwenye haraka, mji una mafundi! Fundi wa usingizi kenda kulala!"

Ikawa hivyo. Wateja wengine walituhama wakaenda kwa wenye haraka, na wengine waliacha harusi zisogee mbele. Fundi alichukua muda kurudi katika hali yake. Nilimshonea godoro kwa mikono yangu mwenyewe, akalipiga kofi, akalisikiliza, akasema bado lina njaa. Nikajua amepona. Tukawa tunakula kidogo zaidi ya pale tulipokuwa tunashona mito, na tunalala.

Mimi sikuweza kukaa na siri. Mume wangu wa kwanza hakunisingizia. Siku ile ile ya mazungumzo nilikwenda Hurumzi, nikamnong'oneza Bi Rukia kwamba bwana wake anajua kila kitu, godoro halina siri yoyote, na yeye alilijua hilo tangu siku ya wageni.

Bi Rukia aliendelea kukunja shuka zake. "Na wageni wale unadhani aliwaalika nani?" akaniuliza.

Nikakaa juu ya shuka zake bila kukaribishwa.

"Nilitaka nijue kama amepona yeye au limepona godoro. Nikamtandikia mkeka, nikakaa macho ninamsikiliza. Lakini usije ukamwambia kuwa nnajua, Kazija. Akijua ataona haya mbele yangu, na akiona haya atarudi barazani."

Sikumwambia. Walizeeka pamoja hivyo hivyo, yeye kila usiku anaagana na watu kwa sababu ya godoro, na mkewe anamhimiza ngazini apande haraka lisije likaharibika. Leo nakuambieni nyinyi kwa kuwa wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, na Fundi Makame pia, na hapana tena wa kuona haya.